Udongo Hausahau: Tunachonunua, Tunachomwaga na Tunachokula

Maelezo yaliyotolewa kwa wakulima, wafanyabiashara na walaji wa Magole, Wilaya ya Kilosa



 Tunajua kwamba msimu haumngoji mtu, na kwamba saa moja ya mkulima mkutanoni ni saa moja ambayo jembe limelala. Kwa hiyo tutajitahidi kusema yale tu yanayoweza kumfaa mtu anapokwenda dukani kununua mbolea au dawa ya shambani, anapokwenda sokoni kununua mboga, na anaporudi nyumbani kupika.

Tuanze kwa kuondoa hofu. Hatukuja Magole kutangaza kwamba udongo wenu umeharibika. Tumekuja kwa sababu ardhi hii ya bonde la Wami inalisha watu wengi kuliko wale wanaoishi juu yake. Mpunga unaovunwa huku na nyanya zinazopakiwa kando ya barabara kuu huliwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga Kilosa. Udongo wa namna hii hulindwa ungali mzima. Ukishachafuka, kama tutakavyoona, hakuna sabuni ya kuuosha.

Neno letu la leo ni hili: kinachoingia udongoni hukaa, na kikikaa huweza kupanda hadi kwenye sahani. Mahali pepesi pa kukizuia ni dukani, kabla fedha haijatoka mfukoni.

Jinsi mmea unavyokula

Mmea hauna kinywa wala ulimi. Hula kwa mizizi, nao hula kile tu kilichoyeyuka katika maji ya udongo. Wataalamu wamehesabu virutubisho 17 ambavyo mmea hauwezi kuishi bila hivyo. Baadhi huhitajika kwa wingi, kama naitrojeni, fosforasi na potasiamu, ambavyo ndivyo tunavyovikuta kwenye mifuko ya mbolea. Vingine huhitajika kwa kiasi kidogo mno, kama zinki, shaba na boroni, lakini vikikosekana mmea hudumaa hata ukimwagiwa naitrojeni kiasi gani. Jambo hili lilienezwa tangu karne ya 19 na mwanakemia wa Ujerumani, Justus von Liebig: mavuno hupimwa kwa kile kirutubisho kilichopungua kuliko vyote, kama vile pipa linavyoshika maji hadi usawa wa ubao wake mfupi kabisa.

Sasa tuangalie upande wa pili. Mizizi ina milango yake ya kuingizia virutubisho, na milango hiyo hudanganyika. Kadimi ni metali yenye sumu isiyo na faida yoyote kwa mpunga wala kwa mlaji. Lakini kwa kuwa inafanana kitabia na zinki, huingia kwa mlango ule ule. Aseniki nayo hufanana na fosforasi. Mmea haujui tofauti. Hupokea kilichopo, ukastawi, ukawa wa kijani, ukazaa, na mlaji akaununua kwa kuuona umenawiri.

Hapa ndipo lishe ya mmea na uchafuzi wa udongo vinapokutana. Udongo wenye njaa ya zinki huelekea kuuachia mmea uvute kadimi zaidi, na udongo wenye tindikali nyingi huziyeyusha metali hizi na kuzisogeza karibu na mizizi. Kuulisha udongo vizuri, kwa samadi iliyooza, mboji, na chokaa pale panapohitajika, ni kuongeza mavuno na ni kumlinda mlaji kwa wakati mmoja.

Kisa cha Vikuge

Mfano tunaouona mzito kuliko yote katika nchi yetu hauko mbali. Ni Vikuge, Kibaha, Mkoa wa Pwani.

Katika miaka ya 1980 shehena kubwa ya viuatilifu vya msaada, ambavyo baadhi vilikuwa vimekwisha muda wake, ilihifadhiwa katika shamba la serikali la Vikuge. Banda lililovihifadhi likaja kubomoka. Mvua ikanyesha juu ya magunia na makopo, na kilichokuwa ndani kikashuka ardhini. Baadaye mabaki yaliyoonekana yaliondolewa. Mtu aliyepita njiani angeweza kusema kwamba mambo yamekwisha.

Wanasayansi hawakuridhika na macho. Profesa Michael Kishimba wa Idara ya Kemia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Matobola Mihale na wenzao kutoka Sweden, walichukua sampuli za udongo na za maji katika eneo hilo, nao wakachapisha matokeo yao mwaka 2004. Katika udongo wa juu, sampuli iliyochafuka zaidi ilikuwa na DDT na mabaki yake kwa kiwango cha asilimia 28, na jamii ya HCH kwa asilimia 6. Tuseme kwa lugha ya mizani: ukichota kilo moja ya udongo ule, gramu 280 hivi zilikuwa DDT na mabaki yake. Hiyo ni zaidi ya robo kilo. Sumu ilikutwa pia chini, hadi sentimita 50, na ikakutwa katika maji ya kisima na maji ya juu ya ardhi. Yote haya ni baada ya eneo kusafishwa.

Tunawaomba mzingatie mambo mawili katika kisa hiki.

La kwanza ni muda. DDT haiharibiki upesi. Nusu yake huweza kukaa udongoni kwa miaka 2 hadi 15 kabla ya kuvunjika, na hata inapovunjika huzaa kemikali nyingine za ukoo ule ule ambazo nazo ni sugu. Ndiyo sababu mataifa yalikubaliana katika Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 kwamba DDT isitumike tena mashambani, na ibaki kwa kazi ya kudhibiti wadudu waenezao magonjwa peke yake. Mtoto aliyezaliwa karibu na banda lile mwaka lilipobomoka alikua huku sumu ingali ardhini.

La pili linatuhusu sisi tulio katika kazi ya udhibiti, nasi hatuna budi kulisema hadharani. Vikuge haikuchafuliwa na mkulima mdogo asiyejua kusoma. Ilichafuliwa na shehena iliyopokelewa rasmi, ikahifadhiwa katika shamba la umma, ikaachwa. Tunapokuja kwenu kuwaomba uangalifu, hatuji kama watu wasio na deni. Kazi yenu ni kuangalia mnachonunua. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba kisichofaa hakifiki dukani, na kwamba kikifika kinaondolewa. Tukizembea, tuulizeni.

Mboga ya kijani machoni

Mtu anaweza kusema: Vikuge ilikuwa ghala, sisi hatuna ghala. Basi tuitazame bustani ya kawaida.

Mwaka 1999, wanakemia wengine wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, T. E. Bahemuka na E. B. Mubofu, walichapisha utafiti juu ya mboga za majani zilizolimwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi jijini Dar es Salaam. Hii ni mito inayopita katikati ya makazi na viwanda. Walipima kadimi, risasi, shaba na zinki katika mboga ambazo kila mmoja wetu anazila. Metali zote nne zilikuwamo, kwa viwango vilivyotofautiana kutoka mboga moja hadi nyingine. Muuzaji wa mboga zile hakumdanganya mtu. Zilikuwa mbichi, zimetolewa bustanini alfajiri, na macho ya mnunuzi yasingeweza kuona kilichomo.

Kwa wakulima wa mpunga, mfano ulio wazi zaidi unatoka Japani. Katika bonde la mto Jinzu, Mkoa wa Toyama, maji yaliyotoka kwenye mgodi wa Kamioka yalibeba kadimi hadi kwenye majaruba ya mpunga kwa miaka mingi. Watu walikula mchele wao wenyewe, waliolima kwa mikono yao. Hasa akina mama wa umri wa makamo na wazee, figo zao ziliharibika na mifupa yao ikalainika hata ikavunjika kwa mwendo mdogo tu. Ugonjwa ule uliitwa kwa kilio cha wagonjwa, itai-itai, maana yake inauma, inauma. Serikali ya Japani iliukubali rasmi kuwa ugonjwa wa uchafuzi mwaka 1968. Magole haina mgodi kama ule. Tunautaja ili ijulikane kwamba mpunga ni mmea unaoweza kubeba kilichomo ardhini hadi kwenye chungu, na kwamba madhara yake huja polepole, mwaka baada ya mwaka, bila mtu kuumwa tumbo siku aliyokula.

Je, kuosha kunatosha?

Swali hili tumeulizwa karibu kila mahali tulipokwenda, na mara nyingi muulizaji ni mama mwenye kapu mkononi. Jibu lake lina sehemu mbili.

Kilicho juu ya mboga huoshwa. Vumbi lenye risasi linaloangukia majani, udongo ulioshika kwenye mashina, na sehemu ya dawa iliyobaki juu ya ganda la nyanya, vyote hupungua kwa maji safi yanayotiririka na kusugua kwa mikono. Majani ya nje ya kabichi yatupwe. Karoti, viazi na mihogo visuguliwe na kumenywa. Nyanya yenye unga mweupe au wa kijivu juu yake haijakomaa kwa namna ya pekee. Ule kwa kawaida ni mabaki ya dawa ya ukungu. Ioshe vizuri, na ukiweza imenye. Usitumie sabuni ya kufulia, kwa maana utakuwa umeongeza kingine juu ya kile ulichotaka kukiondoa.

Kilicho ndani ya mboga hakioshwi. Kadimi iliyopanda kwa mizizi, au dawa ile inayosafiri ndani ya mmea, haitoki yote kwa maji, kwa chumvi wala kwa kuchemsha. Kwa hiyo swali la sokoni lisiwe bei peke yake. Liwe pia: mboga hii imelimwa wapi, na imepigwa dawa lini? Muuzaji akiulizwa swali hilo na mnunuzi mmoja atacheka. Akiulizwa na wanunuzi 20 kwa siku moja, naye atakwenda kumwuliza mkulima.

Dukani ndipo mahali pa kuzuia

Mwaka 2007 mtafiti Aiwerasia Ngowi na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya wakulima wadogo wa mboga kaskazini mwa Tanzania. Kati ya wakulima waliohojiwa, asilimia 68 walisema wamewahi kujisikia vibaya baada ya kupiga dawa kwa namna yao ya kila siku. Zaidi ya nusu walipiga dawa mara 5 au zaidi katika msimu mmoja. Theluthi hivi walichanganya dawa zaidi ya moja katika bomba moja, na hawakuwa na maelekezo yoyote ya mchanganyiko huo, si kwenye kibandiko, si kwa afisa ugani.

Tafakarini hesabu hiyo. Mkulima anayechanganya dawa tatu hadhani anafanya kosa. Anadhani anajihakikishia mavuno. Lakini dawa ya ziada haiendi kwa mdudu aliyekwisha kufa. Sehemu yake hubaki kwenye tunda na kumfuata mlaji, sehemu huingia mwilini mwa mpigaji, na sehemu hushuka udongoni, ambako huua pia wadudu wadogo na minyoo wanaoulimia udongo bure. Mkulima amelipa fedha ili apate hasara tatu.

Katika ziara zetu tumekuta jambo jingine linalotutia wasiwasi: dawa za shambani zinazopimwa kidogo kidogo na kuuzwa katika chupa za maji ya kunywa au za soda. Tunaelewa sababu yake. Mtu mwenye robo eka hahitaji lita nzima, na fedha ya lita nzima hana. Hata hivyo chupa ile haina jina la dawa, haina kipimo, haina tarehe, na inafanana kabisa na kitu cha kunywa. Mtoto hajui. Mgeni hajui. Na usiku, hata mwenyewe huweza kusahau.

Tunawaomba mtambue alama hizi nne kabla ya kulipa.

Alama ya kwanza ni usajili. Viuatilifu vyote vinavyouzwa nchini vinatakiwa kusajiliwa. Kazi hiyo ilikuwa ikifanywa na TPRI ya Arusha, na baada ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yaani TPHPA. Tafuta namba ya usajili kwenye kibandiko.

Alama ya pili ni mstari wa rangi chini ya kibandiko. Nyekundu ni sumu kali sana. Njano ni sumu ya hatari ya kati. Bluu ni hatari ndogo zaidi, na kijani ni ndogo kuliko zote. Kijani hakimaanishi kwamba dawa hiyo inanyweka au kwamba inapigwa bila kujikinga. Kinamaanisha kwamba, ikiwa dawa mbili zinafanya kazi moja, anza na hiyo.

Alama ya tatu ni siku za kungoja kati ya kupiga dawa na kuvuna. Siku hizo zimepimwa ili dawa ipungue kabla ya tunda kuliwa. Nyanya iliyopigwa dawa leo na kupelekwa sokoni kesho ni deni ambalo mlaji ndiye anayelilipa.

Alama ya nne ni tarehe ya mwisho wa matumizi. Kumbukeni kwamba Vikuge ilianza hivyo.

Kuhusu mbolea, udhibiti wake uko chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, yaani TFRA, kwa Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009. Namba zilizoandikwa mfukoni ni ahadi ya muuzaji kwako. Urea ya asilimia 46 maana yake mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. DAP ya 18–46 maana yake mfuko kama huo una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti. Mfuko ulioshonwa upya kwa mkono, au mbolea inayouzwa kwa debe kutoka mfuko uliokwisha kufunguliwa, haina mtu wa kuisimamia ahadi hiyo. Vilevile mbolea za fosfeti hutokana na miamba, na baadhi ya miamba huja na kadimi yake. Ndiyo maana nchi mbalimbali huweka viwango. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, tangu Julai 2022 hauruhusu mbolea yake ya fosfeti kuzidi miligramu 60 za kadimi kwa kila kilo ya fosfeti. Mbolea isiyojulikana ilikotoka haijulikani pia imebeba nini.

Magole yenyewe: maji, barabara na kopo tupu

Wengi wenu mnakumbuka Januari 2014. Maji yalishuka kutoka milimani, yakaingia majumbani Magole na Dumila, na barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma ikakatika hapa hapa jirani. Mtu aliyepoteza nyumba siku ile hakuwa na nafasi ya kufikiri juu ya kopo la dawa lililokuwa uvunguni. Lakini maji yalilichukua kopo lile pamoja na godoro na debe la mahindi, nayo hayachagui mahali pa kuliacha: shambani, kisimani, au katika jaruba la jirani.

Hili ndilo linaloitofautisha Magole na kijiji cha mlimani. Katika nchi ya mafuriko, kila nyumba inayohifadhi dawa sakafuni ni Vikuge ndogo inayongoja mvua. Dawa za shambani ziwekwe juu, mahali palipofungwa, mbali na chakula na mbali na mkono wa mtoto. Zinunuliwe za msimu mmoja tu. Anayenunua za misimu mitatu kwa sababu ya punguzo la bei ananunua pia hatari ya misimu mitatu.

Kopo tupu nalo si chombo. Likiisha dawa, lisuuzwe mara 3 kwa maji, na maji hayo ya kusuuza yarudishwe kwenye bomba la kupigia yakamalizikie shambani. Kisha litobolewe ili lisitumike tena. Lisihifadhie mafuta ya taa wala ya kula, wala maji, wala mbegu. Lisitupwe mtoni, lisichomwe jikoni, lisifukiwe karibu na kisima. Mwulize aliyekuuzia au afisa ugani mahali pa kulipeleka.

Jambo la mwisho la mahali hapa ni barabara. Kwa miaka mingi petroli ilichanganywa na risasi, hata nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipoiacha kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Risasi iliyoangukia ardhini haikuondoka pamoja na petroli ile. Kiwango chake huwa kikubwa karibu na barabara na hupungua kadiri unavyokwenda mbali. Bustani ya mchicha ukingoni kabisa mwa barabara kuu ina wateja wa haraka, lakini ni mahali pabaya pa kulima mboga ya majani. Vivyo hivyo mahali palipokuwa gereji, au palipovunjwa na kuchomwa betri za magari. Mahali kama hapo panafaa kupandwa miti ya kivuli au maua. Mboga irudi nyuma.

Kuujua udongo wako

Mtu haendi kununua viatu bila kujua ukubwa wa mguu wake. Hata hivyo wengi wetu tunanunua mbolea kila mwaka bila kujua udongo unakosa nini. Kipimo cha udongo hueleza kiwango cha tindikali na virutubisho vilivyopo. Morogoro ina bahati: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina maabara ya udongo, na hapa hapa Kilosa kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga ambacho wataalamu wake wanaweza kuwaelekeza.

Sampuli huchukuliwa hivi. Tembea shambani kwa mwendo wa kwenda na kurudi kama nyoka. Chimba sehemu 15 hadi 20, kila moja hadi kina cha sentimita 20. Changanya udongo wote katika ndoo safi, ambayo haijawahi kubeba mbolea wala dawa. Chukua nusu kilo hadi kilo moja, uianike kivulini, uitie katika mfuko safi, uandike jina lako, mahali na tarehe. Wakulima watano wa jirani, wenye udongo wa aina moja na kilimo cha aina moja, wanaweza kuchangiana gharama.

Ieleweke kwamba kipimo hiki cha kawaida hakionyeshi mabaki ya viuatilifu, na metali nzito hupimwa kwa kuombwa. Vipimo hivyo ni vya gharama kubwa zaidi. Hiyo ni sababu nyingine ya kusema kwamba kuzuia dukani ni nafuu kuliko kutafuta sumu ardhini.

Tunayoyaomba yafanyike

Kwa kifupi, ndugu zetu, tunawaomba mbebe mambo haya nyumbani:

1. Nunua dawa na mbolea katika chombo chake cha asili, chenye kibandiko kinachosomeka. Usikubali kupimiwa katika chupa ya maji au soda.
2. Dai risiti na uihifadhi hadi mwisho wa msimu. Bila risiti, malalamiko yako hayana miguu.
3. Usichanganye dawa ambazo kibandiko hakikuruhusu zichanganywe.
4. Hesabu siku za kungoja, uziandike ukutani, kisha vuna.
5. Suuza kopo mara 3, litoboe, lisirudi jikoni.
6. Weka dawa juu, mahali pa kufunga, hasa kabla ya mvua.
7. Lima mboga mbali na ukingo wa barabara kuu, gereji na dampo.
8. Ulishe udongo kwa samadi na mboji, na upime kabla ya kuongeza mbolea.
9. Osha mboga kwa maji yanayotiririka, menya panapostahili, na muulize muuzaji mboga imelimwa wapi.
10. Ukiona dawa isiyosajiliwa, iliyokwisha muda au mfuko wa mbolea ulioshonwa upya, toa taarifa kwa afisa ugani, kwa ofisi ya Mtendaji, au kwa mamlaka husika. Taarifa moja huweza kuokoa mashamba 100.

Wazee wetu walisema kwamba mtu huvuna alichopanda. Utafiti wa Profesa Kishimba na wenzake umetufundisha kuongeza neno moja juu ya hilo: mtu huvuna pia alichomwaga, na wakati mwingine anayekuja kukivuna ni mjukuu wake. Ardhi ya Magole mliipokea kutoka kwa waliowatangulia ikiwa inazaa. Tunawaomba muikabidhi hivyo hivyo, nasi tunaahidi kusimama upande wetu wa kazi hii bila kusubiri banda libomoke.